Ufunguo Nyuma ya Barafu: Kisa cha Vitu Saba vya Banjo-Kazooie

Ndani ya gemu ya Banjo-Kazooie, katika nchi ya theluji iitwayo Freezeezy Peak, kuna pango la Wozza, walrasi mwoga mwenye meno mawili marefu. Wozza humhofia dubu Banjo, anayeongozwa na mchezaji, kwa hiyo mchezaji hapati ruhusa ya kuingia mpaka mganga Mumbo Jumbo amgeuze naye awe walrasi. Akishaingia na kuifuata njia ya ndani, hukutana na ukuta wa barafu, na barafu hiyo ni angavu kiasi cha kuonyesha kilicho upande wa pili: ufunguo mkubwa wa barafu, unaozunguka taratibu mahali pake kama vinavyozunguka vitu vyote vya kuokotwa katika gemu hiyo. Ukuta haubomoki. Hakuna pigo la mdomo wa Kazooie, ndege anayefuatana na Banjo, yai analolirusha wala mbio za kasi zinazoutikisa, na humo mote hakuna kufuli linaloungoja ufunguo huo.

Watu wengi walisimama mbele ya ukuta huo mwaka 1998 na baada yake, na kisa ninachokichambua hapa kinaanzia hapo. Ninakichagua kwa sababu vitu vingi vilivyoachwa ndani ya gemu za zamani vilifichwa mbali na macho ya mchezaji, vikaja kugunduliwa na wachache waliofungua data kwa zana maalumu. Ufunguo huu uliwekwa wazi, uonekane na kila aliyefika, na bado haukuweza kuchukuliwa. Kueleza kwa nini ilikuwa hivyo kunahitaji kuangalia gemu yenyewe, kaseti iliyoibeba (kisanduku kidogo chenye chipu kinachochomekwa kwenye mashine), na zaidi ya yote mashine iliyoichezesha.

Banjo-Kazooie ilitengenezwa na kampuni ya Rare, yenye makao Twycross katika jimbo la Leicestershire nchini Uingereza, kwa ajili ya mashine ya Nintendo 64. Ilianza kuuzwa Marekani mwishoni mwa Juni 1998 na kufika Ulaya mwezi uliofuata. Kiongozi wa ubunifu alikuwa Gregg Mayles, programu ikaongozwa na Chris Sutherland, na muziki ukatungwa na Grant Kirkhope. Mchezaji humwongoza dubu Banjo na ndege Kazooie, anayekaa ndani ya mkoba wa mgongoni, katika safari ya kumwokoa dada yake Banjo aliyetekwa na mchawi Gruntilda. Kuna malimwengu tisa, noti za muziki 900 na vipande vya picha 100 vinavyoitwa Jiggy. Namba hizo zina uzito katika kisa hiki, maana gemu inayomhesabia mchezaji kila kitu humzoesha kuamini kwamba kila anachokiona kina mahali pake kwenye hesabu. Ufunguo wa barafu haukuwa na mahali.

Anayekusanya vipande vyote 100 na kumshinda Gruntilda huonyeshwa na Mumbo picha tatu za siri. Ya kwanza ni ya yai la waridi lililo ndani ya Sharkfood Island, kisiwa cha jiwe kilicho katika maji yanayolindwa na papa huko Treasure Trove Cove. Ya pili ni ya yai la buluu lililo nyuma ya mlango wa jangwani katika Gobi's Valley. Ya tatu ni ya ufunguo uleule wa pango la Wozza. Mumbo humwambia mchezaji kwamba maelezo yatapatikana katika gemu itakayofuata, Banjo-Tooie, na kuitaja kwa jina. Hiyo ilikuwa ahadi ya wazi, iliyotolewa ndani ya gemu yenyewe na mhusika ambaye mchezaji amekwisha kumwamini kwa saa nyingi za kucheza.

Kabla ya kuendelea, inafaa nieleze kwa nini siwezi kuviweka vitu hivi katika kapu moja na masalia mengine. Mwaka 1992 gemu ya Sonic the Hedgehog 2 ilitoka ikiwa na mabaki ya Hidden Palace Zone, hatua iliyoanzwa na kukatwa kabla haijakamilika. Hatua hiyo ilikuja kumaliziwa katika toleo la simu la mwaka 2013, miaka zaidi ya ishirini baadaye. Hayo ni mabaki ya kazi iliyoachwa njiani. Katika gemu za kwanza za Pokémon, zilizotoka Japani mwaka 1996, mwanaprogramu Shigeki Morimoto alimwingiza Mew dakika za mwisho, katika nafasi ya takriban baiti 300 iliyobaki baada ya zana za kutafutia hitilafu kuondolewa. Hicho ni kitu cha ziada kilichopenyezwa. Vitu vya Banjo-Kazooie havimo katika aina hizi mbili. Vilikuwa vimekamilika, vikachorwa, vikapewa mahali, vikapewa hata ukurasa wao wa hesabu, kama nitakavyoonyesha. Kilichokosekana ni njia ya kuvifikia, na njia hiyo haikuwa ndani ya kaseti ile.

Wa kwanza kuvigusa walikuwa mashabiki waliotumia GameShark, kifaa kinachochomekwa kati ya kaseti na mashine na kumwezesha mtu kubadilisha namba zilizo katika kumbukumbu wakati gemu ikiendelea. Kwa njia hiyo walipenya kuta na kuchukua vilivyokuwa nyuma yake. Walichokiona baada ya hapo kilikuwa ushahidi mkubwa kuliko uvumi wote uliokuwa ukizunguka: kitu kimoja tu kikichukuliwa, kwenye orodha ya jumla inayoonekana gemu ikisimamishwa huongezeka ukurasa mpya, ambao hakuna mchezaji wa kawaida aliyewahi kuuona, wenye kichwa Stop 'n' Swop. Jina hilo la Kiingereza maana yake ni simamisha kisha ubadilishe. Waundaji wenyewe walikuwa wameliandika, likakaa ndani ya kaseti likingoja kuonyeshwa. Na ukurasa huo ulihesabu vitu saba, si vitatu vya picha za Mumbo: mayai sita ya rangi mbalimbali na ufunguo.

Baadaye ilibainika kwamba gemu ina misimbo saba, mmoja kwa kila kitu, na kwamba misimbo hiyo hufanya kazi bila kifaa chochote cha nje. Huingizwa ndani ya ngome ya mchanga iliyo Treasure Trove Cove. Ngome hiyo imejaa maji mpaka mchezaji amsaidie Leaky, ndoo yenye tundu, kwa kumtumbukizia mayai yanayoliziba. Maji yakishatoka, sakafu huonekana imetandazwa vigae vyenye herufi, na Kazooie huandika kwa kuruka na kudunda juu ya kila herufi. Msimbo wa ufunguo ni sentensi nzima ya Kiingereza yenye vina, inayosema kwamba sasa unaweza kuuona ufunguo mzuri wa barafu na kuuchukua bure. Pamoja na neno la kufungulia linalotangulia, ni herufi 50, na kila moja hudundwa peke yake. Msimbo wa yai la waridi unasema kwamba kitatoka baharini na kufichua zawadi nyingine za siri. Ukikamilika, Sharkfood Island huinuka kutoka majini na njia ya kuingilia huonekana. Mingine inataja chumba cha chini ya nyumba, bafu katika giza la mizimu, chumba cha nahodha, na meza ya Nabnut, yule kindi wa Click Clock Wood.

Nimeueleza utaratibu huu kwa urefu kwa sababu ndani yake mna jambo ambalo huwapita wengi. Mchezaji hana namna ya kubahatisha herufi 50 kwa mpangilio sahihi, na gemu hiyo haina mahali inapomdokezea sentensi hizo. Kwa hiyo misimbo iliwekwa ili itolewe siku moja na mtu mwingine, au itumiwe na waundaji katika majaribio, au iwe akiba endapo njia kuu ingeshindikana. Maana hizo tatu zinaweza kusimama pamoja. Ninachoweza kusema kwa uhakika kutokana na ushahidi wenyewe ni kwamba mtu hatungi sentensi saba zenye vina kwa ajili ya vitu anavyokusudia kuvitupa.

Njia kuu ilikuwa ipi, basi? Jina lenyewe lilidokeza, na baadaye watu waliokuwa Rare walithibitisha. Mchezaji wa Banjo-Tooie angefika mahali fulani na kuelekezwa azime mashine, achomoe kaseti ya Tooie, achomeke ya Banjo-Kazooie na kuwasha. Gemu ya kwanza ingesoma katika kumbukumbu ya mashine ujumbe ulioachwa na gemu ya pili, ingefungua mlango au kuyeyusha barafu, na mchezaji angechukua kitu chake. Kisha angerudia kinyumenyume, na safari hii Banjo-Kazooie ndiyo ingeacha ujumbe, na Tooie kuupokea. Kaseti mbili ambazo haziwezi kuchomekwa kwa wakati mmoja zingezungumza kupitia mashine iliyozimwa.

Mtu akisikia hivyo kwa mara ya kwanza huuliza, na ni haki yake kuuliza, itawezekanaje mashine iliyozimwa ikumbuke jambo. Kumbukumbu ya muda ya Nintendo 64, megabaiti 4 katika mashine ya kawaida, ni ya aina ambayo kila biti hukaa kama chaji ndogo ya umeme. Chaji hiyo huvuja tangu inapowekwa, kama maji ndani ya mtungi wenye ufa, na mashine ikiwa inawaka hulazimika kuijazia tena na tena, mara nyingi katika kila sekunde. Umeme ukikatwa, kujazia hukoma, lakini mtungi haukauki papo hapo. Kwa muda mfupi chaji nyingi bado zinatosha kusomeka, na mashine ikiwashwa ndani ya muda huo hukuta sehemu kubwa ya yaliyokuwemo. Tabia hii ni ya kweli kabisa na imepimwa: mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton na wenzao walionyesha kwamba kumbukumbu za kompyuta za kawaida hubaki na maudhui yake kwa sekunde kadhaa baada ya umeme kukatwa, na kwa muda mrefu zaidi zikipozwa, kiasi kwamba funguo za siri za kufungia data zingeweza kuibwa. Miaka kumi kabla yake, watu wa Twycross waliitazama tabia ileile wakaona humo daraja la kuunganisha hadithi mbili.

Katika mashine za Nintendo 64 za mwanzo mchezaji alikuwa na takriban sekunde 10 za kuzima, kubadilisha kaseti na kuwasha. Hizo zinatosha mtu mwenye mikono mitulivu. Lakini mnamo 1999 mashine zilizotoka viwandani zilikuwa na marekebisho ya ndani, na muda huo ukashuka hadi takriban sekunde moja. Hakuna kidole kinachoweza kufanya kazi hiyo kwa sekunde moja. Ikumbukwe kwamba Nintendo haikuvunja ahadi yoyote kwa kufanya hivyo, kwani hakuna mtengenezaji wa mashine aliyewahi kuuza masalia ya chaji kama sifa ya bidhaa yake. Marekebisho ya aina hiyo hufanywa kila siku ili kupunguza gharama au kuimarisha utengenezaji. Rare walikuwa wamejenga nyumba yao juu ya tabia ambayo mwenye kiwanja hakuwahi kuiandika kwenye mkataba.

Hapa ndipo ninapoona kiini cha kisa hiki, na sikubaliani na wanaokieleza kama uzembe wa Rare wala wanaokieleza kama ukali wa Nintendo. Kosa, ikiwa neno hilo linafaa, lilikuwa la mpangilio wa wakati. Nusu ya kwanza ya daraja iliuzwa Juni 1998 ndani ya kaseti ambazo maudhui yake yamechongwa kiwandani na hayabadiliki. Wakati huo hapakuwa na intaneti ndani ya Nintendo 64 ya kupelekea marekebisho. Ukuta wa barafu, ufunguo, ukurasa wa siri na maneno ya Mumbo vilikuwa vimekwisha kuingia majumbani. Nusu ya pili ilikuwa bado mezani. Mashine ilipobadilika katikati, nusu ya pili iliweza kufutwa, lakini ya kwanza haikuweza kurudishwa. Lau gemu zote mbili zingetoka siku moja, mpango ungekatwa kote kimyakimya, na leo tungekuwa na mistari michache ya programu isiyotumika, bila ufunguo unaozunguka mbele ya macho ya watu.

Kuna na suala la usalama wa kifaa, ambalo nadhani lingetosha peke yake kuusimamisha mpango huo. Maelekezo ya mashine yalimkataza mchezaji kuchomoa kaseti wakati umeme unapita. Mpango wa Rare ulikuwa halali kwa maandishi, maana mashine ingezimwa kwanza, lakini ukimpa mtoto wa miaka tisa sekunde 10 na kumwambia afanye haraka, baadhi ya watoto watachomoa kabla hawajazima. Tuliokulia kwenye kaseti tunajua jinsi mkono unavyotangulia akili, na tunakumbuka kaseti iliyopulizwa vumbi ikarudishwa kwa nguvu huku taa nyekundu ikiwaka.

Banjo-Tooie ilitoka Marekani mwezi Novemba 2000, na namna ilivyoishughulikia ahadi inastahili kutazamwa kwa makini. Mayai na ufunguo vimo, lakini havitoki tena kwenye gemu ya kwanza. Ndani ya Tooie kuna vitu vyenye umbo la kaseti za Banjo-Kazooie, na mchezaji huzivunja ili apate kilichomo. Yai la buluu na la waridi hupelekwa kwa kuku Heggy ayaatamie, ilhali la njano lazima Kazooie aliatamie mwenyewe. Zawadi zake ni ndogo: mayai yanayomfuata adui, pigo jipya la kumtumia Kazooie kama rungu, na mhusika wa ziada katika michezo ya wachezaji wengi. Ufunguo wa barafu hufungua sefu yenye kiumbe Mega-Glowbo, na kwa huyo mganga Humba Wumba humgeuza Kazooie kuwa joka. Kwa hiyo kufuli lilipatikana baada ya miaka miwili na miezi kadhaa, ila ufunguo ulioliingia ulikuwa nakala. Ule wa pango la Wozza ulibaki ulipokuwa. Uamuzi huo naona ulikuwa wa heshima: waundaji hawakujifanya kwamba hawakuwahi kuahidi, na kuivunja kaseti ya gemu ya kwanza ndani ya gemu ya pili ni maelezo ya wazi kadiri walivyoweza kuyatoa. Hata hivyo, mayai matatu mengine hayakupewa kazi, na ukimya juu yake ndio uliolisha miaka mingi ya nadharia.

Nadharia hizo zilikuwa nyingi, na nyingi hazikuwa na msingi. Watu walidai kuuvunja ukuta kwa mpangilio fulani wa kukusanya noti, au kwa kumaliza gemu ndani ya muda fulani. Kinachonipa moyo ni kwamba mashabiki waliofanya kazi ya maana hawakujibizana na madai hayo kwa madai mengine. Walisoma data, wakaonyesha msimbo, wakaeleza namna ya kuujaribu, na yeyote mwenye kaseti aliweza kwenda kwenye ngome ya mchanga na kuthibitisha kwa mikono yake. Huo ndio utafiti, na uadilifu wake unastahili kusifiwa hata kama kilichotafutwa ni yai la kuchora.

Mwezi Septemba 2002 Microsoft iliinunua Rare kwa dola milioni 375, na hilo likafungua mlango ambao Nintendo 64 ilikuwa imeufunga. Banjo-Kazooie ilitolewa upya kwenye Xbox 360, mashine ya Microsoft, mwezi Desemba 2008, toleo lililoandaliwa na 4J Studios, na Banjo-Tooie ikafuata Aprili 2009. Katika mashine hiyo gemu hukaa kwenye hifadhi moja ya kudumu, na mojawapo inaweza kusoma faili za nyingine bila kuzima chochote. Vitu saba vilipatikana ndani ya gemu ya kwanza, vikatambuliwa na Tooie, na pia vikafungua vipande vya ziada katika Banjo-Kazooie: Nuts & Bolts, gemu nyingine ya mfululizo huo. Ahadi ya Mumbo ilitimia baada ya miaka kumi na kidogo.

Nililipokea toleo hilo kwa furaha, lakini kwa mchambuzi kilichotimizwa ni matokeo, na tendo lenyewe halikurudi. Kilichokuwa kipya mwaka 1998 ni wazo la kumfanya mchezaji ainuke, aikaribie mashine, na kuwa yeye mwenyewe mjumbe kati ya gemu mbili ndani ya pumzi chache. Faili inayosomwa na programu nyingine ni jambo la kila siku. Kwa sababu hiyo, anayetaka kukielewa kisa hiki hatosheki na toleo la 2008. Anahitaji kaseti ya asili, na bahati nzuri kaseti hiyo imeumbwa kudumu. Banjo-Kazooie haihifadhi maendeleo ya mchezaji kwa kutegemea betri kama kaseti nyingi za zamani, ambazo betri zake zikifa hufa na kumbukumbu. Huyahifadhi kwenye chipu ya EEPROM ya kilobiti 4, isiyohitaji umeme ili kukumbuka. Aliyedunda herufi 50 kwenye ngome ya mchanga akauchukua ufunguo wake, akizima mashine na kuiweka kaseti kabatini kwa miaka ishirini, siku atakapoiwasha tena ataukuta ukurasa wa Stop 'n' Swop ukiwa umeandikwa ufunguo huo.